Mstari Mwekundu wa Zulia

Tulitoka Mabela baada ya adhuhuri, chumvi ya bahari bado kwenye nywele,
na magharibi ikatukuta tunapiga hema Jabal Shams.
Gari lilipanda lote, halikukohoa.
Lakini damu haipandi gari.
Damu huja nyuma, kwa miguu, imebeba mizigo yake.

Nimeuguza watu miaka kumi na mitatu, wodi ya kifua.
Nilimwambia Harith: leo tulale chini, Al Hamra,
kesho katikati, keshokutwa juu.
Kunywa maji. Usile nyama kama unayeaga dunia.
Akacheka. Anakimbia ufukweni asubuhi nzima bila kutema mate.
"Dada, wewe unaogopa hata ngazi za umeme."

Usiku ukaja na baridi ya Januari, ile inayong'ata kucha.
Harith hakugusa mkate.
Akasema kichwa, kisha akasema si kichwa,
ni kofia imebana.
Kofia alikuwa ameivua tangu magharibi.

Akataka panadoli, mbili, halafu mbili nyingine, halafu alale tu,
alale, alfajiri apige picha jua likichomoza.
Alipumua kama mtu anayehesabu sarafu
na kila mara anasahau alikofika.

Jioni ile nilikuwa nimenunua zulia kwa msichana wa Khitaym, Shamsa,
manyoya ya mbuzi, jeusi,
na mstari mmoja mwekundu kama mshipa.
Aliniuliza, kwa Kiarabu cha mlimani:
"Huyu ndugu yako mbona anaongea kuliko anavyovuta pumzi?"
Sikumjibu. Nilikuwa napatana bei.

Sasa nikalitandika juu ya changarawe, nikashika tochi.
"Tembea juu ya mwekundu.
Kisigino kwenye kidole, kisigino kwenye kidole."
Akatembea hatua tatu, kiungwana.
Ya nne ikaenda kwa mbuzi.
Ya tano sikuiona, nilikuwa nimeshamdaka kwapani.

Baba, ambaye Kiswahili chake cha Wete hakikuwahi kupigwa pasi,
alizoea kutuambia: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Tukakua tunaogopa kushuka kila kitu:
mlimao wa jirani, cheo, kauli.
Lakini Baba hakuijua milima.
Kwao ni vilima vya kuotea mikarafuu.
Huku juu methali huvaliwa ndani nje:
kupanda ndio ngoma,
kushuka ndio dawa.

Saa nane usiku tukashuka.
Hema tuliliacha limesimama peke yake, kama mtu aliyesusa.
Vumbi, gia ya kwanza, kona, kona,
korongo upande wangu, giza lisilo na sakafu,
na Harith kashika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili
kama kadi ya mwaliko.
"Taja shangazi zetu," nikamwambia. "Wote."
Akataja watatu, akanyamaza.
Kona nyingine. Akataja wanne.
Taa za Ghul zilipoonekana akawataja wote saba,
na yule wa nane ambaye hatumsemi.

Al Hamra, alfajiri. Maji ya falaji yanapita chini ya mitende,
hayana miadi na mtu.
Akakaa ukingoni, miguu majini,
akasema maneno matamu kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule:
"Dada, kuna mayai?"

Baadaye tulirudi. Tukalala Hamra, tukalala Khitaym,
tukanywa maji mpaka tukachoka kuchimba dawa.
Kileleni tulifika polepole, kama wanaokwenda hitimani.
Jua likachomoza. Akapiga picha yake.

Imetundikwa sebuleni, na wageni wakiuliza habari za usiku wa kwanza
Harith husema gari lilikorofisha.
Mimi nanyamaza, namimina kahawa.
Zulia liko pale mlangoni, chini ya miguu yao,
na kila anayeinuka kwenda kunawa
namtazama kidogo
anavyoukanyaga mwekundu.